Unyayo wa Dubu Kwenye Bani la Hisle

Ubao ule wa picha ulipandishwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mchana kweupe, mbele ya watu ishirini na masufuria matatu ya maharage, na Delmar Hisle hakusema neno la kuuzuia. Hilo ndilo kosa lake, na ni vizuri litajwe mapema lisije likapotea katikati ya mambo mengine. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, akawatazama wanaume wawili wakipitisha bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, kwenye mbao za bani la babu yake. Alipigwa picha akitabasamu. Picha ikatoka kwenye gazeti la wilaya, na yeyote aliyeitazama alisema mzee wa Hisle hajawahi kuonekana na furaha kiasi kile tangu azikwe mkewe.

Bani hilo, ghala kubwa la mbao la kukaushia tumbaku, babu yake, Asa Hisle, alilijenga mwaka 1891, akalichimbia ubavuni mwa kilima ili upepo wa kaskazini usilisumbue. Mgongo wake umeegemea mlima na msitu, uso unatazama bonde na barabara, upande wa magharibi. Kwa hiyo pumzi yote ya bani huingilia magharibi. Kwenye ukuta huo Asa aliweka milango minane ya hewa, mirefu na myembamba, inayotoka karibu na ardhi mpaka chini ya paa, na yote minane akaifunga kwenye mti mmoja mrefu wa mwaloni wenye mpini. Ukivuta mpini, milango minane inafunguka kwa pamoja. Enzi zile watu walitoka mabonde mengine kuja kuuona mpini ule. Jani la tumbaku wanayolima kule Kentucky halikaushwi kwa moto. Linatundikwa kwenye fito likiwa bichi, safu juu ya safu hadi darini, na linakaa miezi miwili likisubiri upepo ufanye kazi yake. Upepo usipoingia, jani linatoka jasho, na likishatoka jasho linaozea palepale linaponing'inia.

Ubao ulikuwa na futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ulifunika milango mitano, na bolti zake mbili zilipita kwenye ule mti wa mwaloni. Milango yote minane ikawa imefungwa kama imepigiliwa misumari.

Aliyeuchora ubao ni Twyla, mtoto wa pekee wa Delmar, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Alirudi nyumbani mwezi Machi, wiki tano baada ya kumzika mama yake, Orlena, akiwa na masanduku mawili na sura ya mtu ambaye hajalala. Ishirini na mitano ya miaka yake ilikuwa imepita mjini, ofisini, kwenye makabrasha ya watu wengine. Aliweka masanduku jikoni, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akasema:

"Mwaka mmoja, baba. Nakupa mwaka mmoja. Tumbaku ikikubali, nabaki, na shamba tunaliandika jina langu. Ikikataa, tunauza, tunaondoka wote wawili, na usije ukaninunia."

"Sawa," akasema Delmar.

"Sawa tu?"

"Sawa sana."

Na kwa Delmar hiyo ilikuwa hotuba. Lakini usiku ule aliomba magoti yake yakauma, akiwa na miaka sabini na mitano, kwa sababu nyuma yake palikuwa na Virgil baba yake, na nyuma ya Virgil palikuwa na Asa, na mbele yake hapakuwa na mtu mwingine ila huyo aliyelala chumba cha pili na viatu miguuni.

Miaka ile wilaya nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa mablanketi ya viraka. Simaanishi ya kujifunika. Watu walichukua kiraka kimoja cha blanketi la bibi, wakakichora kikubwa kwenye plaiwudi, wakakipaka rangi, wakakitundika kwenye bani au zizi, na kina mama wa kamati wakatengeneza ramani ili wageni wazunguke na magari yao wakiyatazama. Twyla alifungua kasha la mti wa mwerezi la mama yake mwezi Mei, akatoa blanketi ambalo Orlena hakulimaliza ukingo. Mchoro wake unaitwa Unyayo wa Dubu: miraba minne yenye kucha, bluu na nyekundu iliyoiva, juu ya nyeupe.

Alilitandika mezani, akalia siku nzima. Kesho yake akaenda kununua plaiwudi.

Majira yote ya joto, jioni wakitoka shambani, Twyla alikuwa kwenye banda la trekta akipiga mistari, akibandika utepe, akipaka, akisubiri ikauke, akipaka tena. Na alikuwa anaimba. Delmar alikuwa akisimama nje ya mlango na ndoo isiyo na kitu, akisingizia kwamba anapita. Nyumba ile ilikuwa imenyamaza tangu Januari mpaka ilikuwa inatisha, na sasa kulikuwa na mtu ndani ya banda anakosea maneno ya wimbo wa kanisani na kucheka mwenyewe.

Sasa utaelewa Jumamosi ile ilikuwaje. Bi Faye Purcell wa kamati alifika na kofia yake ya majani, akazunguka bani mara moja, akaonyesha ukuta wa magharibi kwa kidole.

"Hapa. Wapi tena? Kule nyuma atauona nani, kulungu?"

Watu wakacheka. Twyla naye akacheka, kisha akamgeukia baba yake. Alimwuliza waziwazi, kila mtu akisikia.

"Baba, bani ni lako. Pale panafaa? Hakuna kitu nitakachoharibu?"

Alikuwa ameondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Kufungua milango ya hewa ilikuwa kazi ya baba alfajiri, kabla binti hajaamka, na kwa macho ya mtu aliyesimama chini ile milango ikifungwa ni mbao kama mbao nyingine. Hakujua. Angejuaje? Delmar aliitazama rangi ya bluu shavuni mwa mwanawe. Alifikiria, mwaka huu vuli huenda ikawa kavu. Alifikiria, akikataa sasa, mbele ya watu hawa, uso ule utazimika.

"Panafaa," akasema.

Estill Crouch, jirani yake tangu wakiwa na kaptura, alipaliwa na kahawa.

Estill alivumilia mpaka wageni walipoondoka. Kisha akamfuata Delmar kwenye pikapu.

"We Delmar, umekula nini leo? Umeliziba bani pua na mdomo."

"Vuli itakuwa kavu."

"Nani kakwambia? Yule wa redio? Yule yule aliyesema siku ya harusi yangu kutakuwa na jua, bibi harusi akaingia kanisani na mabuti?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Estill."

"Mwambie leo. Mtoto mwenyewe ana akili, hajafanana na wewe. Atacheka, mtausogeza, yamekwisha."

"Kahawa yako inapoa," akasema Delmar, akawasha gari.

Hapa inabidi niseme jambo kuhusu ukoo huo, na nalisema kwa hasira kidogo. Wanaume wa Hisle hawasemi. Wanaandika. Ndani ya bani, karibu na kile chumba kidogo cha kuchambulia majani, kuna mbao tano pana zilizojaa maandishi ya penseli. Kila mwaka tangu 1891, anayeshika shamba huandika pale siku tumbaku ilipotundikwa, hali ya hewa, na ilivyokauka. Sharti ni moja: ukuta haudanganywi. Asa aliandika, *1918. Wanawake ndio waliotundika. Imekauka vizuri kuliko yetu.* Virgil aliandika, *1936. Jua kali, mvua hakuna. Sina la kuandika.* Na chini yake, *1944. Nzuri sana. Carl harudi.* Carl alikuwa kaka yake Delmar. Delmar alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule, na ndivyo alivyojua kwamba kaka yake amefia vitani. Mezani hakuna aliyemwambia. Alienda kufuata koleo, akasoma ukutani.

Unaweza kudhani mtu aliyepata habari ya namna ile kwa njia ya namna ile angeapa kwamba yeye hatakuwa hivyo. Delmar alikuwa vilevile, tena zaidi.

Walitundika tumbaku katikati ya Septemba, wao wawili, Estill na wanawe. Twyla alipanda mpaka safu ya nne akipokea fito, mikono imejaa utomvu mweusi, akimtania Estill kwamba ana pumzi za kuku. Ilikuwa tumbaku nzuri. Delmar alikuwa hajaona majani mapana vile kwa miaka kumi. Siku kumi za kwanza jua liliwaka na moyo wake ukatulia, akaanza kudhani ameponea.

Kisha mvua ikaja, na mvua ilipokwisha ukaja ukungu. Haukuwa ukungu wa baridi unaopita. Ulikuwa wa joto, mzito, umelala bondeni usiku na mchana, na jani halitikisiki juu ya mti. Kila alfajiri Delmar aliingia bani akashika mpini wa Asa akauvuta. Mpini haukusogea. Alijua hautasogea. Aliuvuta tu. Siku ya tatu alisikia harufu, ile inayochoma pua kama mkojo wa zizi lililofungwa, na akapapasa jani la safu ya chini likambakia mikononi likiwa na maji.

Alikwenda kuchukua spana. Nati za bolti zote nane ziko ndani, mtu anazifikia akisimama kwenye magogo yanayobeba safu za fito, hana haja ya ngazi. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye gogo la kwanza aliposikia gari likisimama barabarani.

Walikuwa wageni, mume na mke wazee kutoka Indiana, na ramani yao mkononi. Delmar aliwaona kwenye upenyo wa mbao. Twyla aliteremka kutoka nyumbani kuwapokea, akifuta mikono kwenye aproni ya mama yake.

"Mama yangu ndiye aliyelishona," akawa anawaambia. "Hakuwahi kuumaliza ukingo. Nimechora kama alivyoliacha, mnaona pale chini? Halijafungwa. Na mahali pa kuuweka ubao aliyepakubali ni baba. Unajua baba yangu haongei sana. Lakini nilipomwuliza akasema, panafaa. Kwake hiyo ni sawa na kukumbatiwa."

Mwanamke wa Indiana akaanza kulia, Twyla akamshika mkono.

Delmar akateremsha mguu kutoka kwenye gogo. Alitia spana mfukoni mwa ovaroli na kusimama gizani, huku tumbaku yake ikitoka jasho juu ya kichwa chake. Nimejaribu mara nyingi kumwonea huruma mzee huyu kwa dakika ile, na ninamwonea, lakini huruma haifungui milango. Gari lilipoondoka hakutoka kumfuata binti yake. Alikwenda kwenye ukuta wa penseli. Akatoa penseli mfukoni, akaandika, akapuliza vumbi, akarudi nyumbani kula kifungua kinywa.

"Wageni wazuri wale," akasema Twyla. "Umewaona?"

"Niliwasikia."

"Bani likoje?"

"Liko," akasema Delmar.

Novemba, siku ya kwanza yenye unyevunyevu wa kutosha kushika majani bila kuyavunja, wakaanza kushusha. Twyla alipanda juu mwenyewe. Ufito wa kwanza alioushusha ulikuwa mwepesi mno. Majani yalikuwa meusi, mengine yameshikana, mengine yakamwagika mikononi mwake kama karatasi iliyoungua. Akashusha wa pili. Akasogea safu nyingine, akashusha wa kumi. Delmar alikuwa chini akipokea, na kila ufito alioupokea aliuweka sakafuni polepole sana.

"Baba, ndivyo inavyokuwa?"

"Hapana."

"Yote?"

"Ya karibu na mlango wa chini itafaa kidogo."

Twyla akaketi juu ya gogo, miguu inaning'inia. "Imekuwaje? Tumekosea wapi?"

"Ukungu," akasema Delmar. Na ni kweli ukungu ulikuwapo.

Siku tatu Twyla alijitafutia kazi. Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Delmar alimsikia akivuta masanduku chini ya kitanda na kuyarudisha. Alijua kinachofuata, akajiandaa nacho kama mtu anavyojiandaa kung'olewa jino. Jioni ya nne Twyla aliweka mkate wa mahindi mezani, akakaa.

"Nimefikiri," akasema. "Mwaka mmoja si kipimo. Babu alipata mwaka wa jua, hakuuza. Wewe ulipata ule mwaka majani yaliposhikwa na ugonjwa wa bluu, hukuuza. Mimi nani wa kukimbia kwa sababu ya ukungu?"

Delmar aliacha kutafuna.

"Nabaki, baba. Usinitazame hivyo, nitalia. Tutaandika shamba jina langu kama tulivyosema, na mwakani utanifundisha kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyafanya alfajiri mimi nimelala. Sitaki tena kuwa mgeni kwenye bani langu."

Alisema *bani langu*. Delmar alitaka kusema. Mungu ni shahidi, maneno yalifika kwenye meno. Lakini furaha ile ilikuwa kubwa, na alikuwa amekata tamaa muda mrefu hivi kwamba hakuwa na nguvu ya kuigusa. Akanyoosha mkono, akampigapiga mwanawe kwenye kiganja mara mbili. Alilala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote tangu Januari.

Asubuhi alikuta kahawa imeandaliwa na jiko liko tupu. Kwenye ndoano ya mlango koti la Twyla halikuwapo. Na kwenye kile kikombe kilichovunjika sikio, pale dirishani, ambamo penseli ya seremala imekaa tangu enzi za Virgil, penseli haikuwapo.

Anayeshika shamba ndiye anayeandika mwaka.

Delmar alitoka bila kofia. Alivuka uwanja akikimbia, kama kule kunaweza kuitwa kukimbia, akaanguka magoti kwenye tope la lango, akainuka. Hata alipofika, Twyla alikuwa amesimama mbele ya ukuta, penseli imeinuliwa, haandiki. Alisoma kwa sauti, bila kugeuka.

"*Oktoba kumi na moja. Ukungu siku ya tatu. Milango ya magharibi haifunguki kwa sababu ya picha. Tumbaku inatoka jasho. Nilijua tangu Septemba. Sijamwambia.*"

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu asiye na haraka.

"Nilikuuliza," akasema Twyla.

"Uliniuliza."

"Watu ishirini wamesimama pale. Nikakuuliza, hakuna nitakachoharibu?"

"Ndiyo."

"Bolti nane, baba! Ungeniambia ningezitoa mwenyewe. Ningeutundika kwenye banda la kuku. Ningeutundika chooni!" Alicheka, kicheko kibaya. "Kwa nini?"

Delmar alitafuta. "Ulikuwa unaimba," akasema.

"Nini?"

"Ulipokuwa unapaka rangi. Ulikuwa unaimba. Nilidhani nikikwambia utaondoka."

Twyla akageuka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Delmar.

"Jana nimekaa mezani nikakwambia nabaki. Na tumbaku imeoza, baba. Nimebaki na tumbaku iliyooza. Nikakwambia unifundishe yale ya alfajiri. Ukafanya nini? Ukanipigapiga mkono."

"Nilitaka kusema."

"Uliuambia ukuta."

Ilikuwa kweli.

"Mama alikaa na wewe miaka hamsini," Twyla akasema, "na alipokuwa anakufa aliniambia, hajui kama umewahi kumpenda, labda nikatazame bani. Nilidhani ni utani wa wagonjwa. Mimi siwezi. Tumbaku nitapanda nyingine, lakini kila siku nitakuwa nakuuliza jambo na kuja huku kutazama jibu. Siwezi, baba."

Aliweka penseli kwenye gogo, taratibu, kama anamrudishia mwenyewe. Saa saba mchana masanduku mawili yalikuwa garini. Alimkumbatia baba yake, kwa sababu Orlena alimlea vizuri, akamwambia kuna supu kwenye jokofu na kwamba karatasi za kuuza atazishughulikia kabla ya Krismasi. Alimwuliza kama atakuja kukaa naye mjini kama walivyokubaliana.

"Sawa," akasema Delmar.

Twyla akamtazama kidogo zaidi, akingoja kama lipo lingine. Kisha akaondoka.

Delmar alisikiliza gari mpaka lilipovuka daraja. Aliingia bani, akatoa spana mfukoni, akapanda kwenye gogo la kwanza. Nati zilikuwa mpya, zilizunguka kwa vidole. Kazi yenyewe haikufika hata robo saa. Bolti ya nane ilipotoka, ubao ulijitenga na ukuta, ukasimama kidogo kama unafikiri, ukaanguka kifudifudi kwenye tope.

Akateremka, akashika mpini wa Asa, akauvuta. Milango minane ikafunguka kwa pamoja, kirahisi, na upepo mkavu wa magharibi ukaingia na kupita katikati ya magogo matupu mpaka darini. Ilikuwa siku nzuri kabisa ya kukausha tumbaku.

Penseli ilikuwa pale kwenye gogo. Aliiangalia, hakuishika. Alitoka nje, akasimama mahali aliposimama Jumamosi ile, akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, na akasema kwa sauti, ili asikike vizuri:

"Hapana, mwanangu. Hapo hapafai. Nyuma yake kuna milango."